Nguo ya mwalimu nayo ni zana ya kufundishia

Kila muhula mpya unapokaribia, walimu wanaoanza kazi huniuliza mambo mawili kwa mkupuo: wabebe nini darasani, na wavae nini. Huwa nawajibu yote kwa pamoja, maana kwangu ni jambo moja. Mtoto akishaketi kwenye dawati lake, ukiacha dirisha na jirani yake, macho yake yana pa kwenda patatu tu: ubaoni, ukutani na kwa mwalimu. Kila kilichopo hapo ama kinamsogeza kwenye somo ama kinamwondoa. Chati ni zana. Kizibo cha soda ni zana. Shati nililovaa nalo ni zana, nami nalichagua kwa kipimo kile kile.

Nafundisha hisabati na sayansi madarasa ya chini na ya kati, kwa hiyo mifano yangu itaegemea huko. Anayefundisha lugha, au anayefundisha vijana wakubwa, atajua mwenyewe pa kurekebisha.

Nianze na ubao, kwa sababu ndio zana tunayoidharau kuliko zote. Tumeuzoea mno. Lakini kuna wakati ubao wa darasa zima ulikuwa kitu kigeni: kila mtoto alikuwa na kibao chake kidogo cha jiwe, na mwalimu alizunguka akiandika kimoja kimoja. Mwanzoni mwa karne ya 19, James Pillans, mwalimu mkuu wa shule moja ya Edinburgh, alitumia ubao mkubwa na chaki za rangi kufundishia jiografia, na mara nyingi ndiye anayetajwa ubao unapozungumzwa. Fikiria ahueni ile: mlima unachorwa mara moja, darasa zima linauona.

Sharti wauone kweli. Mtu mwenye macho mazima, akiwa umbali wa mita 6, anaweza kutambua herufi yenye kimo cha karibu milimita 9. Huo ni mwisho wa uwezo wa jicho, si kiwango cha kusoma kwa raha, na darasani wapo watoto ambao macho yao si mazima na hakuna aliyewahi kuyapima. Kwa hiyo herufi zangu hazipungui sentimita 5. Ubao unajaa haraka, ndiyo, lakini nami nalazimika kuandika kilicho muhimu tu. Kabla watoto hawajaingia naandika sentensi moja, naenda kuketi dawati la nyuma kabisa pembeni, naisoma nikiwa pale. Ukifanya hivyo utagundua pia mahali ambapo mwanga wa dirisha unameremeta juu ya ubao na kufuta nusu ya maneno. Pazia, au kusogeza dawati moja, humaliza tatizo.

Kuhusu rangi: chaki nyekundu kwenye ubao wa kijani naiepuka kabisa. Kati ya watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, mwanamume 1 kati ya 12 hivi hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Kwingineko uwiano ni mdogo zaidi, lakini watu hao wapo kila mahali, na mtoto wa hivyo hatakwambia, kwa kuwa yeye anadhani kila mtu anaona kama anavyoona. Nyeupe na njano zinatosha. Nikitaka kutofautisha vitu, natumia mstari, duara au kivuli pamoja na rangi, nisiiachie rangi kazi yote. Na chaki ikilia, ivunje vipande viwili na uilaze kidogo unapoandika. Kipande kifupi hakitetemeki kama kirefu, na ile kelele inayowafanya watoto wazibe masikio inakoma.

Sasa nije kwenye zana ninayoipenda kuliko zote: vibao vya mkononi. Ndiyo, vile vile vya zamani, vimerudi kwa sura nyingine. Kata manila nyeupe ukubwa wa daftari, itie ndani ya mfuko wa plastiki angavu, ule wa kuhifadhia karatasi kwenye faili, kisha ziba mdomo kwa solotepu. Mtoto anaandika juu ya plastiki kwa maka peni ya ubao mweupe na kufuta kwa kipande cha soksi kuukuu. Nauliza swali, wanaandika, nahesabu mpaka tatu, wote wanainua. Kwa mtazamo mmoja nimeona majibu ya darasa zima, si ya yule mmoja anayenyoosha mkono kila siku. Nimewajua walioelewa, nimewajua wanaobahatisha, na nimemwona yule anayesubiri kuchungulia kwa jirani.

Hapo kwenye kuhesabu mpaka tatu pana siri yake. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza ufundishaji wa sayansi, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi wakishauliza swali husubiri sekunde 1 hivi, kisha humtaja mwingine au hujijibu wenyewe. Wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yanarefuka, na watoto ambao kwa kawaida hukaa kimya wanaanza kusema. Sekunde 3 ni ndefu sana ukiwa umesimama mbele ya darasa lililotulia! Kibao kinakupa sababu ya kusubiri, kwa kuwa mikono yote ina kazi.

Vitu vya kushika ni vya lazima katika hisabati, wala si vya watoto wadogo peke yao. Vizibo vinafaa kuhesabia mpaka kumi hivi. Zaidi ya hapo vinakuwa rundo tu, na mtoto anarudi kuhesabu kimoja kimoja. Kwa namba kubwa mimi natumia vijiti, kumi kumi vimefungwa kwa mpira. Mpe mtoto 43 ambayo ni mafungu manne na vijiti vitatu, kisha mwambie atoe 17. Vijiti vitatu havitoshi kutoa saba. Mwache ahangaike kidogo. Mwisho wake atafungua fungu moja mwenyewe, apate vijiti kumi na vitatu, atoe saba, abaki na sita, halafu atoe fungu moja kati ya matatu yaliyobaki. Ishirini na sita. Ule mpira alioufungua ndio kule “kukopa” tunakomwandikia ubaoni kwa kukata tarakimu na kuweka kidogo juu yake. Mtoto aliyewahi kufungua fungu kwa mkono wake haulizi tena ile moja imetoka wapi.

Kuna pia vijiti vya rangi vya Georges Cuisenaire, mwalimu wa mji wa Thuin huko Ubelgiji, aliyevitangaza mwaka 1952. Ni kumi, kuanzia sentimita 1 mpaka sentimita 10, na kila urefu una rangi yake. Havina alama za kuhesabia, na hapo ndipo uzuri wake ulipo: mtoto anaona kwamba kijiti cha 3 na cha 4 vikiunganishwa vinalingana na cha 7 bila kuhesabu chochote. Vya mbao vikikosekana, vipande vya manila vilivyokatwa kwa rula vinafanya kazi ile ile. Kata kwa uangalifu tu, kwa kuwa milimita mbili zikipotea kwenye kila kipande, 3 na 4 hazitalingana na 7 na somo lote litapinda.

Kuta sasa. Hapa nasimama upande ambao walimu wengi hawaupendi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha jaribio walilolifanya na watoto 24 wa chekechea. Watoto wale wale walifundishwa masomo ya sayansi, mara kwenye chumba chenye kuta zilizojaa mapambo, mara kwenye chumba chenye kuta tupu. Kwenye mapambo, walitumia karibu asilimia 39 ya muda wakiwa nje ya somo. Kwenye kuta tupu, asilimia 28. Walipopewa maswali, walipata wastani wa asilimia 42 kwenye mapambo na asilimia 55 bila mapambo. Ni jaribio dogo, la watoto wadogo, wala halisemi kuta ziachwe kama za ghala. Lakini linaafikiana na ninachokiona kila siku. Ukuta wa mbele, pale ulipo ubao, mimi siupambi. Chati zangu zinakaa pembeni na nyuma, na inayoning'inia ni ile tu inayohusu mada tunayoisoma sasa. Mada ikiisha, chati inashuka. Kazi za watoto zinakaa nyuma karibu na mlango, wanazifurahia wakitoka na wazazi wanaziona wakija.

Na kama ukuta wa mbele unaweza kumpotezea mtoto somo, je, mwalimu anayesimama mbele ya ukuta huo? Watafiti wale hawakupima nguo. Hili ni la kwangu. Bangili zinazogongana kila ninapoandika, hereni ndefu zinazocheza nikigeuza shingo, fulana yenye maandishi ambayo mtoto anayejifunza kusoma atataka kuyasoma mpaka mwisho: hivi vyote naviacha nyumbani siku za kazi, navivaa kwa furaha siku nyingine. Rangi sizikatazi. Navaa njano, navaa maua. Kinachonihusu ni kitu kinachocheza au kinachotoa sauti, maana jicho la mtoto hufuata kinachosogea, na ninataka kinachosogea kiwe mkono wangu ukionyesha ubaoni.

Kabla sijainunua nguo ya kazi, naifanyia mtihani palepale mbele ya kioo. Nainua mkono wa kulia juu kabisa, kama naandika tarehe kwenye kona ya ubao. Shati likichomoka au blauzi ikipanda na kuonyesha kiuno, linarudi kwenye hanga. Nachuchumaa, kwa sababu mtoto asiyeelewa hasaidiwi na mwalimu aliyemsimamia juu ya kichwa; unashuka mpaka macho yenu yalingane. Sketi isiyoruhusu kuchuchumaa kwa heshima, au suruali inayobana magoti, haifai kazi hii hata ingekuwa nzuri vipi. Nainama kama naokota chaki na kutazama shingo ya nguo inafanya nini. Kisha naketi. Mtihani wote hauzidi dakika moja, na umeniokolea fedha nyingi.

Mifuko! Wanaoshona nguo za wanawake watusikie. Mwalimu anahitaji mifuko miwili ya kweli, yenye kina. Mmoja wa chaki, au tuseme wa kikopo kidogo chenye chaki, maana chaki tupu mfukoni ni unga mtupu kufikia mchana. Wa pili wa maka peni, kalamu nyekundu na kitambaa. Ukikuta sketi nzuri isiyo na mifuko, fundi cherehani anaweza kuiweka kwenye mshono wa ubavuni bila kuiharibu. Fundi ni rafiki wa mwalimu kwa ujumla. Nguo ya bei nafuu iliyopunguzwa na fundi ikakukaa sawasawa mabegani na kiunoni inapendeza kuliko ya ghali inayokuning'inia.

Viatu vinahitaji fikra kuliko nguo zote, kwa sababu tunasimama. Nataka soli ya mpira isiyoteleza, kisigino kifupi na kipana, na mahali pa vidole kupumua. Miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo nenda kanunue viatu jioni, ukiwa umeshatembea, na uhakikishe mbele ya kidole kirefu kuna nafasi ya upana wa kidole gumba. Ukiweza, miliki jozi mbili na uzibadilishe kila siku. Kiatu kikipumzika kinakauka jasho na kinadumu zaidi. Tena visiwe na sauti. Usimamizi wa mtihani ndio unaofundisha hili: kisigino kikigonga sakafu, vichwa vyote vinainuka, na kuna mtoto ambaye hesabu yake imekatika katikati.

Vitambaa nitavipitia haraka. Pamba inapitisha hewa na kunyonya jasho lakini inajikunja. Poliesta haijikunji na inakauka haraka, ila inahifadhi joto na harufu. Mchanganyiko wa viwili hivyo unatosha kwa siku nyingi. Kwenye maabara, hata hivyo, sina mjadala. Poliesta na nailoni zikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi, kwa hiyo siku ya kuwasha moto navaa pamba, mikono ya nguo imekaza, nywele zimefungwa, viatu vimefunika mguu mzima. Anayevaa mtandio aufunge na kuuchomeka ndani ya koti la maabara. Tai nayo iingie ndani ya koti. Watoto wanaiga, na mwalimu anayewaambia wafunge nywele huku yake imetawanyika hatasikilizwa.

Nikigusia tai: kola isibane. Vidole viwili vipite kati ya kola na shingo. Sauti ndiyo tunayoitumia saa zote, na shingo iliyokabwa inamfanya mtu akaze koo anapoongea.

Rangi ya nguo na vumbi la chaki ni suala la kujua tu. Nyeusi na bluu ya giza zinaonyesha kila alama ya mkono. Kijivu cha wastani, kaki, bluu ya anga na nguo zenye michoro midogo zinasitiri. Chaki ikikuchafua, usikimbilie maji. Kung'uta kwanza, kisha piga brashi kavu kufuata nyuzi za kitambaa, ndipo ufue. Ukiilowesha kabla, unga unageuka uji na kuzama ndani. Wino wa maka peni na wa kalamu ya kawaida unatoka kwa spiriti: weka kitambaa cheupe chini ya doa, chovya pamba kwenye spiriti, gusagusa kutoka ukingoni kuelekea katikati, na ubadilishe kitambaa cha chini kila kinaponyonya. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani uone kama rangi ya nguo inahimili, na ufanye mbali na moto. Usipige pasi mpaka doa liwe limekwisha kabisa; joto hulifungia humo moja kwa moja. Gundi nyeupe ya karatasi inatoka kirahisi kwa maji baridi ikiwa bado mbichi, kwa hiyo usingoje ufike nyumbani.

Huwa naulizwa pia kuhusu heshima: je, mwalimu avae suti? Maoni yangu ni kwamba heshima haikai kwenye bei. Inakaa kwenye usafi, pasi, vifungo vilivyokamilika na viatu vilivyopigwa rangi, vitu ambavyo mtu mwenye mshahara mdogo anavimudu. Watoto wanatambua mtu aliyejiandaa kwa ajili yao, na wanatambua haraka. Koti hata hivyo lina kazi yake maalumu kwa mwalimu kijana anayefundisha wanafunzi wanaokaribiana naye kwa umri. Linachora mpaka bila maneno. Nimewashauri wengi wawe na moja, kijivu au bluu, wakalivaa wiki za mwanzo na siku za kukutana na wazazi, na baadaye wakaliweka pembeni darasa likishawazoea. Kabati nalo si lazima lijae. Mashati matano na suruali au sketi tatu zinazopatana zote zinakupa mavazi 15 tofauti, na asubuhi huna la kufikiria.

Ninachokifanya mimi ni kuunganisha mambo haya kwenye andalio la somo. Kila andalio lina sehemu ya zana. Naandika vijiti, vibao, chati ya sehemu za mmea, na mwishoni kabisa naongeza neno la nguo: “aproni” kama tutapaka rangi, “viatu vya uwanjani” kama tutatoka kupima urefu wa kiwanja kwa utepe, “mikono mifupi” kama tutashika maji na udongo. Jioni nalisoma andalio mara moja na kutayarisha vyote kwa safari moja, sanduku na nguo. Mwalimu aliyevaa nguo ya kuogopa matope hatapiga magoti kwenye bustani kuwaonyesha watoto mzizi unavyoshika udongo. Ataonyesha akiwa amesimama, kwa kidole, kwa mbali, na nusu ya watoto hawatauona.

Sanduku langu ni la plastiki lenye mfuniko, ukubwa unaobebeka kwa mkono mmoja ili mwingine ufungue mlango. Ndani kuna chaki kwenye kikopo, dasta, rula ya mita inayokunjwa, mkasi, solotepu, pini za karatasi, mipira ya kufungia, maka peni za akiba na vile vijiti vyangu. Pembeni kuna kimfuko cha kitambaa chenye sindano, uzi mweusi na mweupe, vifungo vichache, pini za kufunga, kipande cha sabuni na blauzi moja safi iliyokunjwa. Kimfuko hicho ni cha kwangu na cha watoto pia. Kifungo kinakatika wakati wa mapumziko, sketi inapasuka kwenye mchezo, msichana anahitaji kitu cha kujifunga kiunoni na hataki kueleza. Ongezeni humo pakiti ya taulo za kike, hata nyinyi walimu wa kiume, na mwambieni mwalimu wa kike mwenzenu mahali ilipo.

Mwisho wa muhula namwaga kila kitu mezani. Maka peni zilizokauka zinatoka, manila zilizofifia zinageuzwa upande wa nyuma zikatwe vibao, vijiti vinahesabiwa na mafungu yasiyotimia kumi yanakamilishwa. Siku hiyo hiyo nafungua kabati. Shati lililochakaa kola linakuwa aproni ya mtoto wa darasa la sanaa, soksi zilizotoboka zinakatwa kuwa vifutio, na viatu vinakwenda kwa fundi kubadilishwa soli wakati wa likizo, maana muhula ukishaanza hakuna atakayevikumbuka.